Hita ya Tangi la Samaki Inapogoma: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Mfugaji wa samaki wa mapambo wa Mtwara mjini au Lindi anayefuata maelekezo ya hita yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi kali hujitwika hofu isiyomhusu na kuikosa tahadhari inayomhusu. Huku kwetu, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unavuma na wenye mashamba wako katika kupulizia mikorosho salfa, joto la nje usiku hushuka hadi karibu digrii 19 au 20, na maji ya tangi lisilo na hita ndani ya nyumba ya matofali hutulia kwenye digrii 22 hadi 24. Newala na maeneo mengine ya uwanda wa Makonde huwa na baridi zaidi, na anayefugia huko apunguze digrii mbili au tatu katika namba hizi za joto la usiku. Baridi ya namna hii humdhoofisha samaki polepole, na mara chache humuua kwa usiku mmoja. Kati ya matatizo ninayoletewa mwaka hadi mwaka, samaki wengi zaidi wamekufa kwa haraka ya mwenye tangi kuyapasha maji, kwa kukosa hewa umeme ulipokatika, au kwa hita iliyokwama ikiwa imewaka, kuliko waliokufa kwa ubaridi wenyewe.

Kabla ya kugusa hita

Pima maji kwanza, na usitegemee kidole. Kipimajoto cha kioo kinachokaa ndani ya maji kinatosha, lakini vya bei nafuu hupishana kwa digrii 1 hadi 2, kwa hiyo ni vyema kuwa na viwili na kuvilinganisha katika bakuli moja la maji. Kile cha utepe kinachobandikwa nje ya kioo husoma kwa sehemu joto la chumba, na kikipigwa na upepo wa dirishani hudanganya. Niliwahi kuitwa mtaa wa Shangani, Mtwara, usiku na jamaa aliyelalamika kwamba tangi lake lilikuwa kwenye 35 na halishuki hata akifanyaje. Nilipofika nikakuta ametumia kipimajoto cha homa, ambacho namba zake huanzia 35, na hata angekitia kwenye mtungi wa maji ya baridi kisingeweza kumwonyesha namba ya chini ya hapo.

Ukishaipata namba, ilinganishe na samaki uliye naye. Samaki wa dhahabu hana haja ya hita katika mikoa yetu. Humfaa digrii 18 hadi 23, na mtihani wake ni joto la Desemba, si baridi ya Julai. Gapi huvumilia 22 bila taabu. Mbuna wa Ziwa Nyasa huwa salama kati ya 24 na 27, beta hupenda 25 hadi 28, na mwenye deko kuliko wote ni diskasi, anayetaka 28 hadi 30. Ndiyo kusema hita iliyozimika katika tangi la gapi inaweza kusubiri asubuhi, ilhali katika tangi la diskasi ni kazi ya usiku huohuo.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni kuchomoa plagi. Usitie mkono ndani ya maji hita ikiwa bado imechomekwa, hata kama taa yake haiwaki, na baada ya kuichomoa iache majini kwa dakika 20 kabla ya kuitoa, kwa sababu kioo chake kikiwa bado cha moto kikakutana na hewa baridi, au kikadondokewa na tone la maji, hupasuka.

Dalili: taa ya hita haiwaki na maji yanapoa

Chanzo kinachoongoza si ubovu. Hita ya kawaida huwasha taa wakati inapopasha tu. Maji yakifikia joto lililowekwa, taa huzimika na hita hupumzika. Ikiwa kipimajoto kinasoma 26 na kitufe cha hita kimewekwa 25, hita inafanya kazi yake. Zungusha kitufe hadi digrii mbili juu ya joto la maji na usubiri kidogo; taa ikiwaka, rudisha kitufe mahali pake na uendelee na shughuli zako. Watoto na wafanya usafi hukigusa kitufe hiki bila kujua, na ndiyo sababu ninashauri alama ya kalamu isiyofutika ichorwe kwenye joto ulilochagua.

Chanzo cha pili ni umeme kutofika. Hakikisha uniti za LUKU hazijaisha, kisha uchomeke chaji ya simu kwenye soketi ileile ya hita. Chaji isipowaka, tatizo liko kwenye soketi, kwenye ekstensheni au kwenye swichi ya ukutani. Hapa pana desturi moja mbaya ambayo sina budi kuitaja. Hita nyingi zinazouzwa madukani huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, ilhali soketi zetu ni za matundu matatu, na watu huifungua njia kwa kutumbukiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu. Plagi iliyoingizwa hivyo haikai sawasawa. Hucheza, hutoa cheche, huunguza soketi na kuipa hita umeme wa kushtukiza. Nunua adapta imara inayobana, au umwombe fundi abadilishe plagi kwa ya miguu mitatu yenye fyuzi ndogo ya ampea 3, ambayo yatosha kwa hita yoyote ya nyumbani. Plagi ikiwa tayari ni ya miguu mitatu, ifungue na ujaribu fyuzi nyingine. Ni kazi ya dakika mbili na huokoa gharama ya hita mpya.

Chanzo cha tatu ni maji kupungua. Baadhi ya hita za kisasa zina kinga inayokata umeme pale kichwa chake kinapobaki wazi, na tangi lisilo na mfuniko wakati wa kusi linaweza kupungua kwa vidole viwili ndani ya wiki. Tafuta mstari wa kina cha chini uliochorwa kwenye hita, ongeza maji yaliyokaa kwenye ndoo kwa saa 24 hadi klorini itoke, kisha uiwashe tena. Hita ndefu ilazwe karibu na sakafu ya tangi, ikiwa maelekezo yake yanaruhusu, ili tatizo hili lisijirudie.

Hayo yote yakishindikana, hita yenyewe ndiyo imekufa. Mwenye mita ya fundi ya kupimia umeme (maltimita) anaweza kuthibitisha: hita ikiwa imechomolewa, iweke kwenye maji ya baridi, zungusha kitufe hadi mwisho wa juu, kisha upime ukinzani kati ya miguu miwili ya plagi. Hita ya wati 100 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 530, ya wati 50 karibu omu 1,060, na ya wati 200 karibu omu 265. Mita ikionyesha njia imekatika, waya wa ndani au themostati, yaani kifaa kinachoiwasha na kuizima hita kulingana na joto, imekwisha. Kipimo hiki hakifai kwa hita za namba za kidijitali, kwani saketi zake huzuia usomaji huo. Hita iliyokufa haifunguliwi. Nimeona mafundi wa redio wakikata kifuniko cha mpira, wakaunga waya na kukibandika tena kwa gundi. Hita kama hiyo itakaa ndani ya maji ambayo mtoto wako atatia mkono, na hakuna gundi ya dukani inayostahili dhamana hiyo.

Dalili: taa inawaka muda wote lakini maji hayapandi

Wengi hukimbilia kununua hita kubwa zaidi. Mimi huanza na mfuniko, kwa kuwa maji hupoteza joto jingi kwa kugeuka mvuke kuliko wanavyodhani wafugaji. Lita moja ya maji ikitoweka hewani kwa siku moja huondoka na joto linalolingana na hita ya wati 28 iliyowaka saa zote 24. Tangi lililo wazi karibu na dirisha la wavu linaloelekea kusini mashariki, upepo ukiwa unapita juu yake usiku kucha, linaweza hata kuwa na ubaridi unaozidi wa chumba kwa digrii moja au zaidi, na hapo ndipo hita ya wati 50 huwaka hadi asubuhi bila kuliona lengo. Funika kwa kioo au plastiki ngumu, ukiacha upenyo mdogo wa hewa, hamishia tangi kwenye ukuta wa ndani, na upime tena baada ya saa tatu. Tiba hii haigharimu kitu, nami nimeiona ikifaulu mara nyingi kuliko hita mpya.

Kinachofuata ni umeme hafifu. Hita haina mota ya kunguruma ikakuonya kwamba umeme umeshuka. Hupunguza kazi kimyakimya, na hupunguza zaidi ya unavyotarajia. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hita ya wati 100 hutoa wati 61 tu. Ukiona balbu za nyumba zimefifia kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku na maji yakikataa kupanda katika muda huohuo, jibu unalo. Usiongeze hita kwa ajili ya saa hizo tatu. Pasha maji mapema alasiri hadi digrii moja juu ya kawaida, kisha ulifunike tangi. Hali hiyo ikiwa ya kila siku, na majirani nao wanalalamika, toa taarifa TANESCO. Ikiwa ni nyumba yako peke yake, mwite fundi akague maungio, maana waya uliolegea kwenye bodi ya swichi hushusha umeme leo na huwasha moto kesho.

Chanzo cha tatu ni maji kutozunguka. Hita iliyofichwa nyuma ya mawe huyapasha maji yanayoizunguka tu, na kipimajoto kilicho kona ya mbali kisione kitu. Iweke karibu na mdomo wa chujio au juu kidogo ya jiwe la hewa. Cha nne ni chokaa. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni mazito kwa chokaa, na baada ya miezi kadhaa hita huvaa gamba jeupe linalozuia joto kutoka. Ichomoe, iache ipoe, iloweke kwenye siki kwa saa moja bila kuzamisha sehemu ya waya, isugue kwa kitambaa na kuisuuza vizuri.

Ni baada ya hayo yote ndipo nakubali kwamba hita ni ndogo. Kupandisha lita 60 za maji kwa digrii 1 huhitaji saa-wati 70, yaani hita ya wati 50 itachukua karibu saa moja na nusu hata kama hakuna joto linalopotea. Maelekezo ya kigeni husema wati 1 kwa kila lita. Kwa Mtwara na Lindi nusu yake yatosha, na sababu ya kung'ang'ania kipimo hicho kidogo itaonekana kwenye dalili ya hita kukwama.

Dalili: umeme umekatika na usiku ni mrefu

Hapa ndipo makosa hufanyika kwa wingi, kwa sababu mwenye tangi huona hita imezimika na kusahau kwamba pampu ya hewa na chujio vimezimika pia. Samaki wanaopanda juu na kuchungulia kwa midomo hawalalamikii baridi, wanatafuta hewa. Maji ya digrii 25 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, na yakiwa digrii 30 hubeba 7.5, kwa hiyo kuyapasha maji yasiyozunguka huongeza tatizo lilelile unalodhani unalitibu. Anza na hewa. Pampu ndogo ya USB inayoendeshwa na pawabenki huvusha usiku mzima. Asiyekuwa nayo achukue kata ya kifuu, achote maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka kimo cha shubiri moja, kwa dakika tano kila baada ya nusu saa, na usilishe samaki hadi umeme urudi, kwani chakula kinachooza hushindana nao kuvuta hewa.

Kisha lihifadhi joto lililopo. Zungushia pande za tangi maboksi ya karatasi, vipande vya godoro la sponji au mkeka uliokunjwa, na juu yake blanketi, ukiacha sehemu ya uso wa maji wazi ipitishe hewa. Chini ya tangi pia, kama linakaa juu ya meza ya chuma au moja kwa moja kwenye vigae. Tangi langu la lita 60, likifungwa hivyo saa mbili usiku likiwa kwenye 26, mara nyingi naliamkia kwenye 24. Huo ni upungufu ambao gapi, beta na mbuna huuvumilia bila dawa yoyote, na kwa wengi wa wasomaji kazi ya usiku yaweza kuishia hapo.

Mwenye diskasi, au mwenye vifaranga vya siku chache, ataendelea na chupa za maji moto, na hapa hesabu ni muhimu kuliko huruma. Chupa ya lita 1.5 yenye maji ya digrii 60, ikielea kwenye tangi la lita 60 lililo kwenye 23, hulipandisha kwa digrii 0.9 tu. Chupa moja kwa saa ndiyo kasi inayofaa, kwa sababu samaki hapaswi kupandishwa zaidi ya digrii 1 kwa saa. Katika tangi la lita 20, chupa hiyohiyo ingepandisha karibu digrii 2.6, kwa hiyo huko tumia chupa ya nusu lita. Usijaze maji yanayochemka: chupa laini za maji ya kunywa hujikunja kwa joto hilo, mfuniko hulegea, na maji ya moto humwagika juu ya samaki. Changanya maji ya moto kutoka chupa ya chai na ya baridi nusu kwa nusu, funga kwa nguvu, na kabla ya kuitumbukiza punguza maji ya tangi kwa kiasi cha chupa yenyewe ili yasifurike hadi kwenye soketi.

Sitaficha kwamba nimelipia somo hili. Mwaka wangu wa kwanza wa ufugaji, umeme ulipokatika usiku wa Julai, nilimimina birika zima la maji moto kwenye tangi dogo la beta nikidhani ninamwonea huruma, na kabla mshumaa haujafika nusu alikuwa amelala ubavu. Maji yalikuwa yamepanda kutoka 22 hadi 31 kwa pumzi moja. Angeachwa kwenye 22 angeamka mzima.

Umeme ukiwa haurudi hadi siku ya pili, deli la kuwekea barafu, lile wanalotumia wauza samaki feri, ni makazi bora ya dharura kuliko kifaa chochote cha dukani. Kuta zake zimetengenezwa kuzuia joto lisiingie, na huzuia vilevile lisitoke. Lioshe kwa maji matupu bila sabuni, jaza maji ya tangi lenyewe, hamishia samaki, weka jiwe la hewa na uache mfuniko wazi kidogo. Deli lililobeba samaki wa kuliwa kwa miaka halifai hata likioshwa mara saba. Tumia lako mwenyewe.

Wenye sola huuliza kama betri yaweza kubeba hita. Yaweza, lakini kwa hasara. Hita ya wati 100 inayowaka nusu ya muda kwa saa nane hula saa-wati 400, na betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, ina saa-wati 600 za kutumia salama. Pampu ya hewa ya wati 4 hula saa-wati 32 kwa muda huohuo. Ningemlisha pampu na kuliacha blanketi lifanye kazi ya hita.

ONYO: usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kulipasha tangi, na usiwashe jenereta ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha. Vyote viwili hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Aliyeanza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kichefuchefu kwenye chumba chenye mkaa atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, tangi libaki lilivyo.

Umeme ukirudi, usikurupuke. Acha hita imechomolewa kwa dakika kama kumi hadi umeme utulie, hakikisha maji yanaifunika hita, na ikiwa chujio lako ni la kopo lililofungwa na limezima kwa saa nyingi, mwaga maji yaliyobaki ndani yake na kulisuuza kabla ya kuliwasha, kwa kuwa uchafu uliooza humo ukisukumwa kwenye tangi ni sumu mbaya kuliko baridi uliyoishinda.

Dalili: maji yamepita digrii 30 na taa ya hita haizimiki

Kwa hukumu yangu huu ndio ubovu hatari zaidi katika mikoa hii, na ndio usiozungumzwa. Themostati za bei nafuu zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa na kuachia; ukiungua kwa cheche, hugandia ukiwa umegusa, na hita haizimiki tena. Hita ya wati 200 ikikwama kwenye tangi la lita 60 huweza kulipandisha kwa karibu digrii 3 kila saa. Mwenye tangi aliyetoka saa mbili asubuhi na maji kwenye 26 atarudi mchana akute mchuzi. Hita ya wati 50 ikikwama kwenye tangi lilelile huanza na chini ya digrii 1 kwa saa, na kasi hiyo hupungua kadiri maji yanavyozidi joto la chumba, hivyo una siku nzima ya kuligundua tatizo. Ndiyo maana nasisitiza wati nusu kwa lita, na kwa tangi kubwa hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa nyingine inashikilia, na moja ikikwama haina nguvu ya kuua.

Chomoa plagi. Fungua mfuniko, ongeza hewa, elekeza feni kwenye uso wa maji. Chupa ya nusu lita iliyogandishwa, ikiwa imefungwa, hushusha lita 60 kwa karibu digrii 1. Tumia moja kwa saa, na usitie barafu moja kwa moja ndani ya maji. Hita iliyokwama haitengenezwi, hutupwa baada ya kukatwa waya wake ili asije mwingine akaiokota. Kabla ya kuilaumu, hata hivyo, hakikisha si kaskazi tu: kati ya Novemba na Machi maji hupita 29 bila msaada wa hita, na kwa samaki wengi ni busara kuichomoa kabisa miezi hiyo na kuirudisha mvua za masika zikiisha.

Dalili: hita inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache

Mara nyingi ni plagi inayocheza, tiba yake imeshaelezwa juu. Isipokuwa plagi, ni themostati inayoelekea kukwama. Badilisha hita wiki hiyohiyo.

Dalili: mkono unapata ganzi au mtetemo ukigusa maji

Hapa uchunguzi wako unaishia. Usiguse maji tena, usishike plagi ya hita kwa mkono uliolowa; zima umeme kwenye swichi kuu ya nyumba, kisha ndipo uchomoe vifaa vyote vya tangi. Chanzo cha kawaida ni kioo cha hita kilichopata ufa mwembamba, ambao huutambua kwa ukungu au matone ndani ya kioo. Kinachofuata ni mota ya chujio iliyochakaa, na cha mwisho, waya uliolowa kwa sababu maji yamefuata kebo hadi kwenye soketi. Kebo zote zinapaswa kuning'inia chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni.

Usijifariji kwamba samaki wako hai. Samaki aliye ndani ya maji hajaigusa ardhi, wewe uliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu umeigusa. Testa nayo si shahidi wa kutosha, kwani huweza kuwaka kwa umeme mdogo usiodhuru na huweza kukaa kimya betri yake ikiwa imekwisha. Mwite fundi umeme mwenye leseni, mwombe apime pia waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, kwa sababu fimbo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu wa pwani mara nyingi haipitishi umeme inavyotakiwa, na afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30. Nyumba yenye tangi isiyo na kifaa hicho inategemea bahati.

Dalili: joto limerudi lakini samaki hawachangamki

Mapezi yaliyobanwa, kulala chini na kukataa chakula ni mambo ya kawaida kwa siku moja au mbili baada ya kupoa. Weka joto lilelile bila kupandapanda, na siku ya pili lisha robo ya kawaida. Angalia madoa meupe yanayofanana na chembe za chumvi kwenye mapezi, kwani vimelea vya ugonjwa huo huwashika samaki waliodhoofishwa na baridi. Huonekana ndani ya wiki moja, na wakati huo pandisha maji polepole hadi 28 au 29 kama spishi yako inavumilia, ongeza hewa na anza dawa ya madoa meupe kwa kipimo cha lebo, ukiwa umeondoa mkaa kwenye chujio kwa sababu huinyonya dawa. Samaki wanaohema kwa kasi ilhali joto ni sawa na pampu inafanya kazi wana tatizo la maji machafu. Badilisha robo ya maji kwa yaliyo kwenye joto lilelile, na rudia kesho yake. Wakianza kufa zaidi ya mmoja kwa siku, peleka sampuli ya maji na samaki aliyekufa karibuni, akiwa kwenye barafu, kwa ofisa uvuvi au daktari wa mifugo wa wilaya.